Tramu ya St. Charles, New Orleans: namna ya kuisoma njia inayoufuata mto

Ukimuuliza njia mwenyeji wa New Orleans, Marekani, huenda akakuelekeza hivi: panda tramu ya St. Charles kwenda juu, shuka Napoleon, uvuke upande wa ziwa. Kaskazini na kusini hazitajwi kabisa. Ukifungua ramani ya simu unazidi kupotea, kwa sababu tramu hiyo hutoka katikati ya mji ikielekea kusini, ikaenda ikijipinda hadi magharibi, kisha kaskazini-magharibi, na mwisho inakata kona kali kuelekea kaskazini-mashariki. Katika safari yote ya kilomita kumi na kitu imebadilisha barabara mara moja tu.

Siri iko mtoni. Mississippi umejikunja hapa kama mwezi mchanga, na barabara ya St. Charles inakwenda sambamba na mkunjo huo. Kwa hiyo wenyeji wana pande nne za kwao: upande wa mto, upande wa ziwa (yaani Ziwa Pontchartrain, nyuma ya mji), juu ambako maji ya mto yanatoka, na chini yanakokwenda. Pande hizi zinageuka kadiri mto unavyogeuka. Ukisimama katikati ya mji, ng'ambo inayoitwa Ukingo wa Magharibi iko mashariki yako, na jua la asubuhi linachomoza huko huko. Anayeng'ang'ania dira hapa anajitesa bure.

Namba za nyumba nazo zina mpango wake. Canal Street, barabara inayotenganisha mji wa kale na sehemu za juu, ndiyo sifuri. Kutoka hapo kwenda juu, namba huongezeka kwa mia karibu kila njia panda, ndiyo maana Chuo Kikuu cha Loyola kiko namba 6363 St. Charles na jirani yake Tulane kiko 6823. Ukijua namba ya uendako na ukasoma namba ya jengo lililo dirishani, unajua umebakiza njia panda ngapi. Neno "South" mbele ya jina la barabara, kama South Claiborne, maana yake ni kwamba sehemu hiyo iko juu ya Canal, basi. Na barabara zikivuka Canal hubadili majina: Royal ya mji wa kale inaitwa St. Charles ng'ambo ya pili, na Bourbon inakuwa Carondelet.

Matope, mashamba, kisha reli

Mto unapofurika hutua kwanza mchanga mzito karibu na ukingo, na tope laini huchukuliwa mbali zaidi. Baada ya maelfu ya miaka, sehemu ya juu kabisa ya New Orleans imekuwa ni ile iliyo kandokando ya mto, mita tatu au nne juu ya usawa wa bahari. Ukiupa mto mgongo unateremka, ingawa miguu haihisi, hadi kwenye maeneo yaliyokuwa vinamasi na ambayo leo yako chini ya usawa wa bahari. Msingi wa makala yote ni huo: njia ya St. Charles imekaa juu ya ukanda mkavu.

Wafaransa walipogawa ardhi, kila mwenye shamba alitaka kipande cha ukingo, kwa sababu mto ndio uliokuwa barabara. Mashamba yakakatwa membamba na marefu, kutoka mtoni hadi kinamasini, kwa kipimo kiitwacho arpent, kama mita 58. Urefu wa kawaida kutoka mtoni ulikuwa arpent 40, yaani kilomita 2.3 hivi. Watumwa walilima miwa humo. Kwa kuwa mto umejikunja, vipande hivyo vinabanana kwa nyuma na kutanuka mbele, na mipaka yake ndiyo iliyokuja kuwa barabara. Barabara zinazoikata St. Charles hazikwendi sambamba kwa sababu hiyo. Ukiifuata moja kuelekea ziwani, utashangaa kukutana na nyingine uliyodhani iko mbali.

Mwaka 1833 kampuni ya New Orleans and Carrollton Railroad ilipata kibali. Wakati huohuo wawekezaji walikuwa wamenunua shamba la ukoo wa McCarty, juu kabisa ya mji, na mpimaji Charles Zimpel akachora humo mji mpya wa Carrollton. Mambo haya mawili ni biashara moja. Hakuna ambaye angenunua kiwanja cha tope mbali hivyo bila uhakika wa kufika sokoni na kurudi, na reli ndiyo iliyokuwa uhakika huo. Treni za mvuke zilianza kubeba abiria Septemba 1835. Zilipita mashambani, nyumba zilikuja baadaye, zikifuata reli. Ndiyo sababu vitongoji vya njia hii vilikuwa miji inayojitegemea kabla ya kumezwa na New Orleans kimoja kimoja: Lafayette mwaka 1852, Jefferson City mwaka 1870, Carrollton mwaka 1874.

Huduma imeendelea katika njia hiyo tangu wakati huo, na ndiyo inayoipa sifa ya kuwa reli ya mjini kongwe kuliko zote duniani ambayo bado inafanya kazi, mradi tukubaliane kwamba kusimama kwa sababu ya dhoruba hakuhesabiwi kufungwa. Nguvu ya kuvuta ndiyo iliyobadilika. Watu walipojenga karibu na reli, walichoshwa na moshi na kelele za mvuke, wakaletwa nyumbu, wale wanaozaliwa na punda na farasi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kampuni iliongozwa na P.G.T. Beauregard, jenerali wa upande ulioshindwa, ambaye alijaribu kuvuta magari kwa kamba ya chuma. Katika miaka ya 1870 yalijaribiwa pia magari ya mvuke yasiyo na moto ya Emile Lamm: tangi lilijazwa kituoni maji ya moto sana yaliyobanwa kwa presha, na presha ilipopungua njiani maji yalichemka yenyewe na kutoa mvuke wa kusukuma mashine. Hakuna kuni, hakuna cheche. Tatizo ni kwamba joto likiisha gari linasimama lilipo. Umeme ulifika tarehe 1 Februari 1893 na mjadala ukaisha.

Kutoka Canal kwenda juu

Kituo cha kuanzia kiko Carondelet na Canal. Sehemu hii ya mwanzo ndiyo inayowapoteza wengi, kwa kuwa reli ni kitanzi cha upande mmoja: tramu zinazoingia mjini hupita Carondelet, zikageuka Canal, zikatoka kwa St. Charles. Mtu aliyepandia St. Charles asubuhi akikaa pale jioni kusubiri gari la kushuka mjini, atakesha. Gari hilo linapita barabara ya pili. Hapa tramu inagawana lami na magari, na lori moja linaloshusha mizigo vibaya linatosha kuisimamisha.

Kitanzi hukutana kwenye keepilefti kubwa inayoitwa Harmony Circle. Zamani iliitwa Tivoli, na tangu 1884 ikabeba sanamu na jina la Robert E. Lee, jenerali wa waliopigania utumwa. Sanamu iliondolewa Mei 2017 na jina la sasa likaja 2022. Ramani za zamani na wazee bado wanasema Lee Circle. Ukishaipita, reli zinaingia kwenye ukanda wa majani wa katikati ya barabara, na hapo ndipo tramu inapopata mwendo wake.

Zinafuata barabara zenye majina ya miungu tisa ya kike ya sanaa ya Wagiriki, kazi ya mpimaji Barthelemy Lafon wa mwanzoni mwa karne ya 19: Calliope, Clio, Erato, Thalia na wenzao. Wenyeji hutamka kivyao, Calliope ikawa kama "Kaliopu", kwa hiyo usitegemee sikio, soma kibao.

Kuanzia Jackson Avenue hadi Louisiana Avenue ni sehemu ya uliokuwa mji wa Lafayette. Upande wa mto ni Garden District, makazi ya wafanyabiashara Waamerika waliokuja baada ya Marekani kuinunua Louisiana mwaka 1803. Mji wa kale chini ya Canal ulikuwa na wenyewe, watu wa Kifaransa na Kihispania, na hawa wageni wakajenga kwao. Viwanja vilikuwa vikubwa mno, mara nyingi vinne tu katika mraba mzima, yaani eneo lililozungukwa na barabara nne, ndiyo maana kuna bustani mbele ya kila jumba. Vuka reli kuelekea ziwani na dakika chache baadaye uko Central City, kitongoji cha Weusi chenye nyumba nyembamba za mbao na historia ndefu ya harakati za haki za kiraia.

Hali hiyo inajirudia njia nzima, na dirisha la tramu linaificha. Majumba yamejipanga kwenye barabara kuu, na nyumba ndogo ziko ndani ya mraba nyuma yake, kwa sababu wapishi, madobi na watunza bustani walitakiwa wakae umbali wa kutembea. Anayeiona New Orleans kutoka kwenye kiti cha tramu peke yake ameona ukingo wa mkeka tu.

Na ndani ya tramu yenyewe? Katika miaka ya 1860 Weusi waliruhusiwa kupanda magari yaliyochorwa nyota tu, hadi maandamano ya mwaka 1867 yalipoufuta utaratibu huo. Sheria ya jimbo ya mwaka 1902 ikaurudisha ubaguzi kwa sura nyingine: kibao cha mbao kilichochomekwa nyuma ya kiti, Wazungu mbele yake, Weusi nyuma yake, na kikihamishwa kadiri abiria walivyoingia. Vibao viliondolewa mwisho wa Mei 1958. Magari yaliyovibeba ndiyo haya haya yanayotembea leo.

Napoleon Avenue ni katikati ya Jefferson City ya zamani, na barabara za jirani zina majina ya ushindi wa Napoleon: Austerlitz, Marengo, Milan, Jena. Berlin nayo ilikuwepo, ikabadilishwa kuwa General Pershing wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mbele zaidi kuna Audubon Park, uwanja wa maonyesho makubwa ya pamba ya mwaka 1884, na ng'ambo yake vyuo vya Loyola na Tulane. Hapa wanafunzi hujaza gari mchana.

Kisha njia inagonga tuta la mto na kukata kona kuingia South Carrollton, ikipita mahakama ya zamani ya mwaka 1855 yenye nguzo mbele, masalio ya siku za mji wa Carrollton. Karakana na gereji ya tramu, ya mwaka 1893, iko Willow Street, hatua chache kutoka barabara kuu. Mwisho wa njia ni South Claiborne, mahali ambapo hakuna alama yoyote ya kuonyesha kwa nini reli iishie hapo. Sababu ni hii: tangu 1900 tramu zilikuwa zikizunguka duara zima, zikiendelea na Carrollton hadi Tulane Avenue na kurudi Canal. Upande wa Tulane ulifungwa mwaka 1951, na Claiborne ni pale duara lilipokatwa.

Gari lenyewe

Magari ya kijani yako 35, mfululizo wa 900, yaliyoundwa na Perley A. Thomas huko High Point, North Carolina, mwaka 1923 na 1924. Kiwanda hicho baadaye kikaja kuwa mtengenezaji wa mabasi ya shule. Kila gari lina viti 52 vya mbao vyenye migongo ya kugeuza, na chumba cha dereva kila upande, kwa hiyo gari halihitaji kugeuzwa. Njia yenyewe imo kwenye orodha ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria tangu 1973, na mwaka 2014 ilipandishwa daraja kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Umeme ni volti 600 za mkondo mnyofu. Mlingoti ulio juu ya paa unaubana waya kwa kusukumwa na springi. Umeme unashuka hadi kwenye kidhibiti, unaingia kwenye mota, kisha unarudi kituoni kwa kupitia magurudumu na reli. Reli basi ni nusu ya saketi, na kiungo kikilegea, umeme unapata shida ya kurudi. Dereva anazungusha mkono wa shaba wenye hatua: za mwanzo huunganisha mota kwa mfuatano na kuupitisha umeme kwenye vipunguza mkondo, za mwisho huziunganisha sambamba ili gari likimbie. Hatua za kati ni za kupita. Dereva akikaa hapo muda mrefu, vipunguza mkondo vinapata moto na kunuka. Breki ni za upepo, na ule mlio wa kugongagonga unaosikika gari likiwa limesimama ni kompresa inayojaza tangi.

Upana kati ya reli ni futi 5 na inchi 2½, milimita 1,588, kipimo kinachotumika pia Pittsburgh. Njia ya St. Charles ilibadilishwa kufikia upana huo mwaka 1929 ili ilingane na njia nyingine za mji. Matokeo yake, huwezi kununua gari la kawaida sokoni na kuliweka hapa siku hiyohiyo. Spea nyingi zinachongwa Willow Street, na mafundi hao ndio walioyaunda magari mekundu ya Canal Street yanayofanana na haya kwa sura lakini yana kiyoyozi na lifti ya kiti cha magurudumu.

Mwaka huo wa 1929, Julai, wafanyakazi wa tramu waligoma. Ndugu wawili wa ukoo wa Martin, waliowahi kuwa makondakta na wakati huo wakiwa na mkahawa, waliwalisha waliogoma mikate mirefu iliyojazwa nyama bila malipo. Mkate huo unaitwa po'boy hadi leo, na kwa hesabu ya tumbo ndio mchango mkubwa zaidi wa tramu kwa mji.

Kinachoharibika, na kwa nini

Mlingoti ukiruka kutoka kwenye waya, taa zinazimika na gari linabaki linateleza. Dereva anashuka, anakwenda nyuma, anavuta kamba na kuurudisha. Ni kazi ya dakika moja kama waya haukukatika. Matawi ya mialoni mikubwa inayoifunika barabara ni chanzo kimoja cha tatizo hilo. Majani yake yakilowa huacha utelezi juu ya reli, magurudumu yakazunguka bila kushika. Dawa ni mchanga unaomwagwa mbele ya gurudumu.

Ajali ya kawaida ni ya gari dogo linalokata kushoto, kwa kuwa Marekani magari hupita kulia na kukata kushoto ni kuvuka reli. Dereva anatazama magari yanayokuja mbele yake, akisahau kwamba katikati, nyuma ya bega lake la kushoto, kuna tramu inayokwenda upande uleule na isiyoweza kumkwepa. Ukiendesha pale, simama kabla ya reli, tazama pande zote mbili, na usiingie kama hakuna nafasi ya gari zima kuvuka.

Foleni ya tramu tatu baada ya nusu saa ya ukame huwaudhi wageni, ila ina mantiki. Gari likichelewa kidogo linakuta watu wengi zaidi kituoni. Kila mmoja anachukua muda kulipa, nalo linazidi kuchelewa, huku la nyuma yake likikuta vituo vitupu na kulifikia. Reli hairuhusu kupitana. Ukiona la kwanza limeshona na nyuma yake kuna taa nyingine, subiri hilo la pili.

Msimu wa Mardi Gras, sherehe za kanivali za mji huu, maandamano mengi huteremka St. Charles kutoka Napoleon hadi Canal, na tramu haiwezi kupita hapo. Huduma hukatwa, na nafasi yake kuchukuliwa na mabasi yanayozunguka. Shanga zinazorushwa hunasa kwenye miti na nyaya, na nyingine huishia mitaroni: Januari 2018 mji ulitangaza kwamba tani 46 za shanga zilitolewa kwenye mifereji ya St. Charles, sehemu isiyozidi mitaa mitano.

Kimbunga Katrina cha Agosti 2005 kilionyesha maana ya ule ukanda mkavu. Njia ya St. Charles haikuzama sehemu kubwa, na gereji ya Willow ilibaki kavu, hivyo magari ya kijani yote yalipona. Upepo na miti ndivyo vilivyoangusha nyaya. Magari mekundu, yaliyolazwa kwenye gereji nyingine upande wa chini, yalizama. Mji ukawa na magari mazima kwenye njia isiyo na umeme na njia nzima isiyo na magari, kwa hiyo ya kijani yakahamishiwa Canal na kando ya mto. St. Charles ilirudi vipande vipande: hadi keepilefti Desemba 2006, hadi Napoleon Novemba 2007, hadi kona ya mto mwezi uliofuata, na Claiborne mwishowe Juni 2008.

Ukitaka kupanda

Hii ni njia namba 12 ya mamlaka ya usafiri ya mji, RTA. Nauli ni dola 1.25; tikiti ya siku nzima ni dola 3 na inatumika pia kwenye mabasi na tramu nyingine. Ukilipa taslimu, uwe na kiasi kamili, kwa sababu mashine haitoi chenji. Kibao cha kituo ni cha njano na hukaa kwenye nguzo. Simama mahali dereva anapokuona. Vuta kamba njia panda moja kabla ya kushuka, na ukishuka utakanyaga majani ya katikati, kwa hiyo angalia magari kabla ya kuvuka.

Safari nzima huchukua dakika 40 hadi 50 siku njema. Hakuna kiyoyozi, madirisha hufunguliwa, na mwezi Agosti hata hivyo utatoka jasho. Ukifika Claiborne lazima ushuke, na kama huna tikiti ya siku, ulipe tena, hata kama unarudi mjini na gari hilohilo. Dereva atashusha mlingoti wa nyuma, atapandisha wa upande wa pili, atahamisha mikono ya kidhibiti na breki, kisha atapita katikati akigeuza migongo ya viti. Magari ya kijani yana ngazi na hayana lifti. Anayetumia kiti cha magurudumu, au mwenye mzigo mkubwa, ni bora achukue basi namba 11 la Magazine Street, linalokwenda sambamba na tramu upande wa mto.